Nani Anakwenda Elva?

Wiki tatu baada ya maziko ya Ülo Raudmets
tulikutana jikoni kwa Urve, watu tisa,
viatu vyetu vikichuruzika theluji mlangoni,
nasi tukibishana kama warithi wasioachiwa kitu.

Kaljo alitaka sanamu.
Ya shaba, alisema, pale karibu na mto,
na gitaa la besi limeegemea goti.
Hesabu alikwisha piga: euro elfu arubaini,
njiwa bure.
Tukacheka, kisha tukanyamaza,
maana Ülo mwenyewe angesema vivyo hivyo.

Mwingine akatoa barua ya kiwanda cha bia:
bia nyeusi, uso wake kwenye chupa,
senti kumi za kila chupa ziende kwa familia.
Urve akaisoma mara mbili,
akaikunja ndogo, ndogo zaidi,
akaisukumiza chini ya mguu wa meza unaocheza.
Miaka kumi na mmoja yule hakuonja tone.
Urve ndiye aliyekuwa muuguzi wa zamu
usiku ule alipoapa.

Mimi sikuwa na wazo.
Nilikuwa na kumbukumbu moja, nikaionea haya,
kwa kuwa haikuhusu muziki.

Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Basi la mwisho la Elva huondoka saa nne na dakika ishirini,
na Ülo hakuwahi kumaliza kabla ya saa tano.
Nikabaki. Nani angeinuka katikati ya wimbo ule,
sauti ikikwaruza kama mlango wa ghala
unaofunguliwa polepole ili baba asiamke?
Taa zikawaka. Nje, baridi ya kupasua mawe.
Yeye anakunja nyaya, shati limemlowa mgongoni,
hakuuliza kama tulifurahi. Aliuliza:
"Nani anakwenda Elva?"

Gari lake la mizigo lilinuka dizeli na kabichi chachu.
Nilipakata ngoma yao ndogo kama mtoto wa watu.
Njia nzima alisema neno moja,
"Mkanda,"
nikafunga.
Akanishusha kwetu, akangoja
hadi taa ya jikoni ilipowaka,
ndipo nikasikia gia ikilalamika, akageuza.

Niliyasema hayo nikitarajia wanicheke.
Kaljo akaweka kalamu chini.
"Mimi Põlva. Mara nne."
"Otepää," akasema Maret, "na mimba ya huyu,"
akamwonyesha kijana aliyeinama kupita mlangoni.
Urve akawa mwekundu hadi masikioni:
"Mimi naishi hapa hapa mjini.
Nilimdanganya kwamba kwetu ni Võru.
Alijua. Akanizungusha mtaa huu mara mbili,
akanirudisha."

Watu tisa,
na kila mmoja miaka yote akidhani ni yeye peke yake.

Gari lenyewe tulilikuta nyuma ya banda la dada yake,
kutu imekula milango, panya wamezalia kitini.
Fundi akatikisa kichwa. Tukaliacha.

Leo ni Ijumaa. Ukumbini anapiga kijana nisiyemjua,
muziki wa kompyuta, unadunda kama jino bovu.
Si kitu, sikumfuata yeye.
Majina yetu na namba za magari
Urve ameyaacha kwa mama anayepokea makoti.
Ng'ambo ya barabara Kaljo ameegesha gari la bintiye,
kofia ya manyoya hadi kwenye nyusi,
anafungua mdomo, anaufunga, anajifanya anakohoa.

Saa tano na robo. Wanatoka, mvuke vinywani.
Msichana mmoja anatazama ratiba kwenye nguzo,
anatazama simu,
anatazama nguzo tena.

Koo limenikauka.
Maisha yangu yote sijasimama mbele ya watu nikatoa sauti.
Nateremsha kioo.