Shahidi, Upande wa Mnunuzi

Mimi kazi yangu ni muhuri.
Naupulizia pumzi, naugonga, naandika tarehe,
na mauziano yanakuwa mauziano
hapa ofisi ya mtaa, Nkuhungu,
ambako upepo wa Agosti huingiza vumbi
hata kwenye kidau cha wino.

Bi Mbeho Chiwanga alikuja na bahasha ya kaki,
ndani yake nyumba: vyumba vinne, tangi la maji,
mizabibu sita ya marehemu
iliyotambaa juu ya waya mpaka kwa jirani.
Alitaka milioni sitini na mbili.
Dalali Sajilo akamwambia, soko limelala, mama.
Watumishi wanataka Ilazo, wanataka Mtumba,
nani anahangaika na huku?
Wiki ya kwanza akaleta mtu, akatazama paa, akaguna.
Ya pili mwingine, akagonga ukuta kwa ufunguo, akaguna.
Wa tatu hata kwenye bodaboda hakushuka.
Kufika wiki ya sita nyumba ilikuwa imeguniwa
mpaka thelathini na nane.

Mnunuzi alikuja Jumatano, kijana mpole.
Hakuomba kuona choo.
Nani hununua nyumba asiulize choo?
Akaweka dole gumba, akaandika namba ya simu
inayoishia na nne, moja, saba.
Nikagonga.

Jioni ile, sijui ni uvivu wa kwenda nyumbani,
nikafungua faili la Machi, kiwanja cha mwalimu Malogo:
mnunuzi mwingine, jina lingine,
nne, moja, saba.
Faili la Juni, wale ndugu wa Kondoa waliogombea urithi:
jina lingine tena.
Nne, moja, saba.
Na shahidi, upande wa mnunuzi, mara zote tatu
saini ileile, mkia umepinda kama wa nge.

Huenda ni ndugu. Huenda wanaazimana simu.
Dalali hulipwa na muuzaji ili apandishe;
akilipwa na mwingine ili ashushe,
sheria inamwita nani?
Sikusoma sheria. Nilisomea muhuri.

Septemba haijaisha, mpwa wangu ananionyesha tangazo:
nyumba inauzwa, Nkuhungu, milioni sabini na moja,
maongezi yapo.
Picha ya uani. Mizabibu ileile.
Na kwenye kamba, khanga ya Bi Mbeho, ya bluu,
bado inakauka
kwenye ua usio wake.

Yeye yuko Mpwapwa kwa mdogo wake.
Sikumpigia. Ningemwambia nini,
kwamba tarakimu tatu zimefanana?
Na kwamba kila karatasi niliyogonga
iliacha elfu ishirini chini ya daftari langu,
"ya soda, kaka,"
na mimi soda sinywi?

Leo asubuhi Sajilo ameingia, kofia mkononi,
nyuma yake mzee mmoja wa mtaa wa juu
ameishika bahasha kwa mikono miwili
kama mtu aliyebeba bakuli la mlenda wa moto.
Nikauliza, unauza kiasi gani, mzee?
Sajilo akajibu.
Nikasema, sijakuuliza wewe.

Bati likalia kwa upepo. Mzee akatutazama,
mmoja, halafu mwingine,
kama anayejaribu kujua nani kati yetu ndiye ofisi.

Wino umekauka, nikasema. Njooni Jumatatu.
Mzee, wewe njoo kesho. Peke yako.

Kidau kilikuwa kimejaa.