Unga si Hamri

Swafiya aliitoa chupa sandukuni mwake,
katikati ya khanga mpya na halua ya Maskati.
"Meza kimoja kila asubuhi, utarudi ujana."
Nilikuwa na miaka hamsini na mbili,
usingizi ulikuwa umehama Kibokoni bila kuaga,
na magoti yakinilia ngazini kama bawaba.

Nikauliza: ni homoni? Akasema, la,
ni kile kinachokuja kabla ya homoni.
Hapo nikaelewa. Mimi mpika mahamri.
Unga si hamri. Unga ni ahadi.
Waukanda kwa tui, waupa hiliki,
waulaza chini ya kitambaa,
na usiku huamua wenyewe.

Mwezi wa kwanza, nisiwe mwongo, niliona raha.
Nilipanda na ndoo mbili za maji
bila kusimama kwa Bi Khuleta kuomba kiti.
Hata wanja nilitia,
Jumanne, pasi na harusi.

Mwezi wa tatu uso ukaanza kutoa mafuta,
karai tupu.
Chunusi zikanitoka, mimi mwenye wajukuu wawili.
Nywele za utosini zikabaki kwenye kitana,
na zilizohama kichwani zikapanga kidevuni.
Nikanunua kikoleo Marikiti.
Nikawa naamka kabla ya adhana,
si kwa sala,
kwa kioo.

Kisha sauti.
Mteja wa Tudor alipiga kuagiza mahamri mia tatu:
"Kaka, nipe Bi Rukiya."
Nikampa. Nikajipa simu mimi mwenyewe,
nikabana koo, nikasema "haloo"
kama kitoto cha paka.

Lakini kilichonikosesha raha ni hesabu.
Vidonge mia na themanini, siku tisini,
na chupani vimebaki ishirini na viwili.
Nikasema panya.
Panya gani afungue kifuniko, kisha akifunge?

Twahir, kitinda mimba wangu,
alikuwa akinyanyua vyuma Bondeni, juu ya duka la matairi.
Alitaka kifua.
Akakipata.
Februari, joto la kuyeyusha samli,
mwanangu kavaa fulana mbili na koti la jinzi,
hakai barazani, hakumbatii mtu,
mtoto akimgonga kifuani aruka
kama aliyemwagiwa chai.
Sikuuliza. Niliingia akibadili shati.
Alijifunika kwa mikono miwili,
vile nilivyojifunika mimi
nilipokuwa na miaka kumi na mbili.

Makadara, Daktari Nyevu aliisoma chupa pande zote.
"Huu ni unga tu," akasema, nami nikashtuka.
"Mwili ndio mpishi, wala haupokei oda.
Mama, wewe umekupikia ndevu.
Kijana umempikia maziwa.
Na kule chini kiwanda chake
kimeona mali yaingia kutoka nje,
kikapunguza wafanyakazi."
Twahir akatazama viatu.
Mimi nikatazama kalenda ya ukutani, ya mwaka juzi.

Ini, damu, mafuta ya damu. Foleni, risiti, foleni.
Chunusi zitakwenda, akasema. Nywele, tungoje.
Kifua huenda kikashuka, kisiposhuka kuna kisu.
"Ila sauti, mama, ikishashuka ngazi
mara nyingi haipandi."

Chupa nimeiosha, sasa yakaa hiliki.
Swafiya akiuliza, namwambia vidonge vilikwisha.

Jana magharibi nilimwita Twahir alete mtungi wa gesi.
Sikubana koo, nilikuwa nimechoka.
Sauti ikatoka nzima, na mikwaruzo yake,
ikapanda zile ngazi mbili mbili.
Juu kimya. Kisha, kabla hajajikumbuka:
"Naam, babu!"

Baba yangu tulimzika mwaka ule wa mvua nyingi.
Nikasimama, unga vidoleni.
Nikamwita tena.