Mko Wangapi?

Dalali Nyanje alikuwa amenionya:
"Atakuuliza mko wangapi. Usiropoke."
Siku hiyo nilikwisha mlipa mia tano kwa kuonyeshwa
chumba na nusu kule Maweni, choo cha jirani,
na nyingine ya Muyeye, ambayo mlango wake
ulifunguliwa kwa teke ukafungwa kwa kamba.

Ya tatu ndiyo hii, ya Barani, nyuma ya kinu cha kusaga.
Vyumba vitatu na ukumbi. Mabati, si makuti.
Mfereji uani, maji Jumanne na Ijumaa, Mungu akipenda.
Mita yake ya stima. Mpapai dume.
Nikasimama katikati ya ukumbi
nikaanza kuwalaza watu kwa macho:
mkeka hapa, mkeka pale,
godoro la Mama karibu na dirisha apate upepo,
kabati tuligeuze liwe ukuta.
Mwenye watu wengi haoni nyumba. Huona sakafu.

Bi Esha Famau, mwenye nyumba, alikuwa ameketi
juu ya ndoo iliyofudikizwa, anachambua mchicha.
"Mko wangapi?"
Nikasema, "Watano."

Na watano tulikuwa, mpaka mwezi wa Rajabu:
mimi, Mwanaidi, pacha wetu wawili, na Mama.
Kisha dada yangu Zuhura akafa
na basi la Garsen likatuletea wanne
wamebanana viti viwili, gunia moja miguuni.

Mama hata hesabu hiyo haitaki.
"Watu hawahesabiwi," asema. "Wahesabiwao ni kuku,
na hao nao ukiwahesabu usiku, asubuhi mmoja huna."
Basi nikajiambia sikusema uwongo.
Nilimtii mzazi.

Rehani miezi miwili, na mmoja wa mbele:
elfu arubaini na mbili. Msimu mzima huo
wa kukanda unga wa pitsa hotelini
kwa wageni ambao nyumba zao za hapa Malindi
hulala tupu miezi kumi,
taa za bustani zikiwaka.

Tulihama kwa mafungu.
Mchana, wale watano halali, na vyombo.
Baada ya Isha, tuktuk ya pili, taa imezimwa,
na watoto wanne walioambiwa
wacheke kesho.

Mwezi ukaisha. Bi Esha akaja, hodi moja tu.
Hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni akatazama chini.
Ndala. Viatu vya shule, kimoja kimecheka mbele.
Champali za Mama, zilizoshonwa kwa waya.
Midomo yake ikawa inacheza polepole.
Nikahesabu naye kimoyomoyo, jasho likinishuka mgongoni,
tukafika pamoja:
jozi kumi.

Kumi?
Hata mimi nilishtuka.

"Vile vyekundu," akasema, "vya kisigino. Vya nani?"
Mwanaidi akatazama ukuta.
Aliyejibu ni Kibibi, wa miaka saba:
"Vya mama. Asubuhi navitoa vipate hewa.
Usiku navirudisha."

Kimoja kilikuwa kimepinduka, soli juu, inatazama mbingu.
Bi Esha akainama, mkono gotini, magoti yakalia,
akakigeuza,
akakisogeza kando ya mwenziwe,
ncha zikielekea ndani
kama vya mtu aliyekwisha karibishwa.

Akajinyoosha. Akafungua daftari.
"Maji nayo mnayatumia," akasema.
"Elfu moja juu. Na mpapai wangu msiukate."

Nikatia sahihi. Penye idadi ya wapangaji
ile tano ya mwanzo ilikuwa pale pale,
kalamu haikuigusa.

Alipokunja kona ya kinu,
Mama akaniita kutoka godoroni:
"Amehesabu?"
Nikamwambia, "Viatu tu."