Sura Tatu

Darasa la Sita, Igombe. Asubuhi
kishikwambi hupita dawati hadi dawati:
sura inayocheka, sura iliyonuna,
na ile isiyo na habari.
Grafu ofisini ni kijani tupu,
mkuu anaisifia kama shamba la mpunga.

Nyamizi kabonyeza kicheko siku kumi na tisa,
magamba ya dagaa yamemganda vidoleni:
huanika mwaloni kabla jua halijachomoza.

Leo kakishika, hakipitishi.
"Mwalimu, mwenye usingizi abonyeze wapi?"

Wenzake wakacheka.
Mimi nikapekua kioo juu, chini, pembeni.
Hakuna.

Nikakizima. Akalaza kichwa juu ya daftari,
nikafundisha sehemu kwa kunong'ona:
nusu, robo, thumni.
Ofisini watauliza kijani kimekatikia wapi.