Ufunguo wa Darasa la Tano

Mimi nilikwenda kwa ajili ya ufunguo.
Skuli haiazimwi bila mtu wa kuifunga,
na mlango wa darasa la tano una kitasa kikaidi:
unauinua kwanza, kisha unazungusha kama mng'oa jino.
Nikakaa nyuma, penye dirisha lisilo kioo,
nikisahihisha madaftari ya hesabu.
Mazungumzo ya raia, walisema, kila maji mafu.
Si Jumamosi, si tarehe kadhaa: maji mafu,
kwani bamvua wanawake wote wako pwani,
na mwani haungojei mswada.

Raya Mbarouk alifika na pikipiki ya kuazima,
buibui limeshika vumbi la njia ya Konde,
karatasi zake ndani ya mfuko wa mchele.
Hakupanda jukwaani. Hatuna jukwaa.
Alijibana kwenye dawati la mtoto,
akasoma ibara, akasita, akaisema upya
kwa lugha ya kuulizana bei ya samaki.

"Mamlaka inaweza kushauriana na wakaazi."

Bi Time Shaame alikuwa anasuka ukili.
Sikujua kama anasikiliza, vidole havikusimama.
"Rudia hapo, mwanangu. Inaweza, au lazima?"
"Inaweza."
"Basi na mimi naweza kumlipa Hamad deni lake."
Darasa likaangua kicheko.
Hamad naye alicheka, halafu akaacha,
akawa kama mtu anayehesabu.

Saa nzima tukakaa juu ya neno moja.
Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na tisa,
vitenzi nimevipiga mistari kwa wino mwekundu,
sijapata kuona kitenzi kikimtoa mtu jasho.
Mbele kidogo: "eneo la ufukwe lisilotumika".
Mkasi akauliza, lisilotumika na nani?
Saa ngapi?
Maji yakijaa halitumiki, kweli,
na shamba la mpunga jee, usiku linatumika?

Kisha Raya akafunua kurasa za mwisho.
"Hapa wanasema mlishirikishwa. Pana majina."
La kwanza, Hamad Kombo Khatib.
La saba, Bi Time, kwa dole gumba.
La kumi na mbili, Faki Mcha,
tuliyemzika Rajabu. Mkutano ulikuwa Shaabani.
La ishirini na tisa, mimi.

Jina langu zima, na la babu,
na saini yangu ile yenye mkia.
Kalamu ikaniponyoka juu ya daftari la mtoto wa watu.
Naikumbuka siku yenyewe: soda ya machungwa,
sambusa mbili, bahasha ya nauli,
nami nyumba yangu ndiyo ile, naiona kutoka hapa.
Mgeni alituonyesha picha ukutani,
vyumba vyeupe, minazi mifupi isiyozaa.
"Saini hapa, mwalimu. Mahudhurio tu."
Sikusoma kichwa cha karatasi.
Mimi, ninayewaambia watoto kila mtihani:
soma swali kwanza.

Hakuna aliyegeuka kunitazama.
Labda waligeuka. Nilikuwa nafuta wino.

"Dole likishatiwa," Bi Time akauliza, "hutolewa vipi?"
Raya hakumpa tumaini la bure.
Kuna kamati, alisema, inapokea maoni,
zimebaki siku ishirini na moja,
iwe kwa maandishi, kila mtu kwa jina lake,
na wanaweza kuyasoma, wanaweza kuyaweka.
"Wanaweza," darasa likaitika, kama watoto wangu
wanapoitikia jedwali la saba.

Nikachomoa kurasa za katikati ya daftari,
zile zitokazo bila kuharibu nyengine.
Nikaenda mbele. Hakuna aliyenita.
Bi Time akaweka ukili chini, mara ya kwanza jioni ile.
"Andika," akasema. "Andika lazima.
Ukimaliza, nisomee.
Kisha mpe Mkasi naye anisomee,
nilinganishe."