Jozi

Kutaisi, mwezi wa Novemba. Theluji bado,
ila mto Rioni umeanza kutoa moshi alfajiri,
na mimi, Lamara, miaka thelathini na mmoja mtunza hesabu
wa kiwanda cha malori kilichokwisha kufungwa,
nimekesha mezani na simu, na chai iliyopoa,
nikisubiri daftari lipasuke.

Badri alinipigia kutoka Wrocław,
sauti ikikatwakatwa na kelele za ghala:
"Mama, usiku wa leo waandishi wanaachana.
Hawa watashika kanuni ya zamani,
wale wataandika kwa kanuni mpya.
Wewe usiguse kitu."

Usiguse kitu!
Sarafu zenyewe sijawahi kuzishika.
Nilicho nacho ni karatasi,
maneno kumi na mawili kwa mwandiko wa mwanangu,
imekunjwa ndani ya kopo, chini ya jozi
tulizochuma pamoja vuli ile aliyoondoka.

Saa nane usiku ikapita.
Hakuna kilicholia. Bomba lilidondosha tone,
jirani akakohoa nyuma ya ukuta.
Kulipokucha nilikuwa na sarafu tatu huku
na sarafu tatu kule.

Nilicheka peke yangu.
Kiwandani, lori moja likionekana kwenye vitabu viwili,
mhasibu alifuatwa na polisi.

Lakini hapa hakuna aliyeiba.
Mstari wangu uliandikwa kabla ya ukurasa kuchanika,
basi kila nakala imeuchukua kama ulivyo,
na ufunguo wangu unafungua kote.
Njia mbili zilimshinda fisi, akapasuka msamba.
Sarafu imekwenda kote kuwili bila kupasuka,
na kila upande inaapa kwamba ndiyo yenyewe.

Anzor, fundi meno wa ghorofa ya pili,
zake aliziweka sokoni, kwenye mtandao,
kwa sababu karatasi, alisema, ni mambo ya bibi.
Sasa anawaandikia kila siku. Wanamjibu: "Tunatathmini."
Nilimwambia: Anzor, daftarini hakuna jina lako,
kuna jina la soko. Wewe una ahadi.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na daftari la mwingine, nayo vilevile.
Hakunisalimia kwa siku tisa.

Kisha akapiga mtu wa sauti ya asali:
"Nitumie maneno yako, mama, nikudaie zile mpya."
Nikamtajia maneno kumi na mawili, polepole, aandike:
majina ya wakubwa wangu wa kazi, wote marehemu.

Lililonitisha ni saini.
Mkono ni mmoja, Badri alisema, vitabu ni viwili;
ukitia saini huku, mjanja ataichukua
akaibandike kule, na pacha aondoke bila kuagwa.
Basi nilingoja mpaka zile mpya zikapewa alama yao.
Nikaandika maneno mengine kwenye karatasi nyingine,
nikazihamishia huko za zamani, mikono ikitetemeka
kuliko siku niliyofunga hesabu za mwisho za kiwanda.
Ndipo, na pochi ya kwanza imebaki na pacha tu,
nikayatoa maneno yale ya zamani kwenye kopo.

Zile mpya, siku ya kwanza, zilikuwa bei ya jokofu.
Kufikia Krismasi, bei ya kabati.
Nikashika simu, nikaiweka, nikaishika.
Nani aliandika sahihi usiku ule, sijui.
Otar na mimi tulikuwa na kitabu kimoja
mpaka mwaka wa tisini na nne;
ukimuuliza yeye, wa asili ni wake.

Badri alipiga Jumapili.
"Umeuza, mama?"
Nimeuza.
"Umepata nini?"
Jozi ya viatu vya baridi, nikamwambia, ngozi halisi.
Cha kushoto kinabana.