Saa Tisa na Dakika Kumi

Sikumbuki. Hakuna akumbukaye.
Lakini miezi ile yote mama alikuwa dobi
wa hoteli moja pale Dundee, karibu na mto,
nami nilikuwa ndani ya dobi,
kwa hiyo naweza kukisia.

Ulimwengu ulikuwa mashine.
Ulizunguka, ukapumzika, ukazunguka tena.
Juu yangu moyo ulipiga na haukuchoka,
na mbali, kila baada ya kitambo,
kitu kirefu kilipita kikinguruma:
treni juu ya daraja, aliniambia nilipokua.
Mimi nilidhani ni njaa yake.
Sauti zilinifikia zimelowa.
Yake ilitoka kila upande, niliijua kwa mifupa,
ikihesabu foronya: sitini na nne, sitini na tano.
Sikujua foronya. Sikujua sitini.
Sikujua kwamba mimi ni mimi na yeye ni yeye.

Kisha nyumba ikaanza kubana.

Mwanzo kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi
kwa ncha ya kidole.
Nikanyamaza, nikadhani atakwenda zake.
Akarudi. Maji yangu yakaondoka bila kuniaga,
maji niliyoyanywa, niliyoyakojolea,
niliyolala ndani yake kama ulimi kinywani,
na kuta zikanigusa zenyewe, hapana kitu kati.
Kosa langu nini?
Nani kanishtaki kwa mwenye nyumba?

Kukamuliwa: neno ni hilo.
Mama alilijua. Mashine zilipoharibika
alikamua taulo kwa mikono,
na usiku ule yeye alikuwa mikono, mimi taulo.
Mifupa ya kichwa ikapandana kama vigae.
Sikio likakunjwa. Bega likajitafutia njia.
Hapakuwa na mbele, palikuwa na chini tu,
na ule moyo uliokuwa dari yangu
ukawa mbali, ukawa nyuma ya ukuta,
nikaufuata kwa sikio nisiufikie.

Halafu baridi. Utosini, duara dogo kama kitufe.
Likapanuka. Paji. Pua.
Kichwa kiko Uskochi, miguu bado iko kwa mama,
na kwa pumzi tatu nne
(zake; mimi sikuwa nazo)
nilikuwa raia wa pande mbili.

Mikono! Sikuwa nimewahi kushikwa
na kitu chenye ncha kumi.
Mwanga ulikuja kama kelele.
Na uzito: hakuna aliyenitahadharisha juu ya uzito,
kwamba mkono wangu mwenyewe ni mzigo,
kwamba huku nje vitu huanguka.

Kifua, ambacho hakikuwahi kuwa na kazi,
kikafunguka kwa kuchanika, kama bahasha,
hewa ya Februari ikaingia yote
pamoja na dawa ya sakafu,
na nilipoitoa ilikuwa sauti.
Nikashtuka. Nikaitoa tena.
Yule anayelia nani?

Mkunga Morag akatazama saa ya ukutani,
akaandika: tatu na dakika kumi.
Mama, jasho bado linamtoka, akamsahihisha:
Tisa. Saa tisa na dakika kumi.
Wakabishana kidogo juu ya kichwa changu,
bila hasira, kila mtu na lugha yake,
mshale ukiwa palepale.
Hadi leo, nikijaza fomu,
kalamu husita kwenye kisanduku kile.

Nikaletwa kifuani.
Na hapo, chini ya ngozi, upande wa pili wa ukuta,
moyo. Uleule.
Haukuwa umekwenda popote.
Aliyehama ni mimi.

Akanifungua kiganja, akaanza kuhesabu vidole
kama alivyohesabu foronya,
moja, mbili, tatu,
na sauti yake, kwa mara ya kwanza,
ilikuwa kavu.